Goma: Mlango wa kontena ukikataa kufunguka, angalia kwanza kona zake chini

Mwenye duka anafika asubuhi, anafungua kufuli, anainua mkono wa chuma kama siku zote, na mlango unakataa. Anavuta. Anaita jirani, wanavuta wawili. Mtu mmoja anatafuta nyundo. Kiisha kugonga sana mlango unafunguka kwa kelele, na jioni unakataa tena kufungwa. Jana ulikuwa mzima. Kitu kimoja tu kimebadilika usiku: mvua ilinyesha.

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo wanaofanya kazi ndani ya kontena wanajua kisa hiki. Siku hizi kontena iko kila pahali: ni depo ya simenti, ni duka la dawa, ni ofisi ya parkingi, ni stoo ya unga, ni chumba cha kuchaji simu. Inanunuliwa kwa sababu ni chuma, mwizi hawezi kuitoboa kwa urahisi, na siku mwenye kiwanja akikufukuza unaweza kuihamisha. Mtu anaweka ndani akiba ya miaka mingi. Halafu inawekwa chini kwa nusu saa, juu ya mawe yaliyookotwa pale pale, sababu shofere wa kamio ana haraka.

Mlango ukigoma, kitu cha kwanza kulaumiwa ni kutu. Watu wananunua mafuta, wanapaka bawaba, wanapaka vyuma virefu vya kufungia. Mara nyingine inasaidia. Lakini mara nyingi mlango hauna kosa lolote. Kosa liko chini, kwenye kona moja iliyoshuka sentimita mbili ao tatu, na hakuna aliyeiona kwa sababu kwa macho kontena inaonekana imesimama vizuri.

Tena si shida ya duka kuchelewa kufunguliwa tu. Mlango usiofunga vizuri unamlazimisha mwenye mali kulala pale ao kulipa mlinzi. Maji yanaingia kwenye mwanya na kuharibu mifuko ya chini. Na wako watu wanaofanya kazi ndani wakiwa wamefunga mlango mmoja kwa sababu ya jua ao upepo. Mlango wa kontena umetengenezwa kufungwa na kufunguliwa kutoka nje; ukinasa wakati moto umeanza ndani, mtu hana pa kutokea.

Sanduku linalosimama kwa miguu minne

Kontena zinazofika huku kwetu zimepita kwanza baharini. Nyingi zinashuka kwenye bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, kiisha zinapanda kwa kamio hadi Kivu na Ituri. Ndani ya meli zinapangwa moja juu ya nyingine, na uzito wote unateremka kwa kona: nguzo ya kona juu ya nguzo ya kona. Ndiyo sababu kila kontena ina vipande vinane vya chuma kinene chenye matundu, vinne juu na vinne chini. Vile vinne vya chini ndivyo miguu yake.

Ukilala chini na kutazama kwa pembeni, utaona kitu ambacho wengi hawajui. Vile vipande vya kona vinashuka chini kidogo kuliko vyuma vinavyobeba sakafu, tofauti ya sentimita moja hivi. Hata ukiiweka juu ya sakafu nzuri ya beto, kontena itagusa kwa kona nne, si kwa tumbo. Kwa hiyo kumwaga mawe mengi katikati hakusaidii chochote kama kona hazina pa kukanyaga. Tena mawe ya katikati yakiwa juu kuliko kona, yanasukuma sakafu na kuipinda.

Kontena ya futi 20 ina urefu wa mita 6,06, upana wa mita 2,44, na ikiwa tupu ina uzito wa tani 2 na kitu. Ile ya futi 40 ina mita 12,19, na uzito wake tupu unakaribia tani 4. Uzito kamili umeandikwa juu ya mlango, mbele ya neno TARE, kwa kilo. Sasa fanya hesabu ya depo ya kawaida: mwenye depo anaweka ndani mifuko 240 ya simenti ya kilo 50. Hiyo ni tani 12. Ongeza chuma chenyewe, unapita tani 14. Gawanya kwa kona nne: kila kona inabeba tani tatu na nusu. Na kipande cha kona kina sentimita 18 kwa 16 tu, sawa na ukurasa mmoja wa daftari ya mtoto wa shule.

Tani tatu na nusu juu ya ukurasa wa daftari. Ndipo mtu anaelewa kwa nini jiwe linazama.

Hesabu hiyo tena ni ya bahati, maana inasema kona zote nne zinabeba sawa. Kila mtu amekwisha kukaa kwenye meza inayotikisika kwa sababu mguu mmoja ni mfupi. Meza hiyo inasimama juu ya miguu miwili iliyo mshazari, ule wa tatu unagusa tu. Kontena iko hivyo hivyo. Kona moja ikikosa pa kukanyaga, mbili za mshazari zinapokea karibu uzito wote, nazo zinaanza kuzama. Shida ya kona moja inakuwa shida ya kona tatu.

Kwa nini mlango ndio unalia wa kwanza

Chukua katoni ya sabuni iliyo tupu. Acha upande mmoja umefungwa kwa gundi, upande mwingine fungua vifuniko vyote. Sasa shika katoni na uinyonge kidogo. Upande uliofungwa unabaki na umbo lake. Ule ulio wazi unakwenda mshazari. Kontena ni katoni hiyo hiyo: ukuta wa mwisho ni bati zito lililokunjwa, hautikisiki, upande wa milango ni fremu tu yenye tundu kubwa. Kona ikishuka, fremu hiyo ndiyo inapoteza umbo, na milango miwili iliyokuwa inakutana katikati haikutani tena.

Kwa hiyo milango inaweza kusomwa. Simama nje, funga milango kadiri inavyokubali, kiisha tazama chini pale inapokutana. Kama wa kuume umeshuka kuliko wa kushoto, kuna mambo mawili tu yanayowezekana: kona ya kuume ya upande huu wa milango imezama, ao kona ya kushoto ya upande wa nyuma imezama. Zote mbili zinanyonga sanduku kwa namna moja. Nivo ndiyo itakuambia ni ipi. Fundi anayeanza kukata mlango kwa mashine ili upite, mbele ya kupima kona, anaharibu kitu kizima. Siku kontena itakaporudi sawa, mlango wake utakuwa na mwanya wa kudumu.

Hapa kuna jambo moja ambalo hata mafundi wanachanganya. Kuinama na kunyongeka si kitu kimoja. Kontena ikiinama yote pamoja, kona nne zikiwa kwenye ubao mmoja ulioinama, milango itafunguka bado, ingawa inaweza kujifunga yenyewe kwa upepo. Wako hata mafundi wanaoacha kwa makusudi sentimita moja ao mbili za mwinamo kwa urefu, ili maji ya juu ya paa yasilale. Kinachoua mlango ni kona moja kutoka kwenye usawa wa zile tatu. Sentimita mbili za kunyongeka ni mbaya kuliko sentimita tano za kuinama.

Goma, Bukavu, Uvira: kila udongo na uongo wake

Mkaaji wa Goma atasema kwake hakuna shida, yeye anakaa juu ya jiwe. Ni kweli kwamba lava ni ngumu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitema lava iliyopita katikati ya mji hadi ziwani, na leo maduka mengi yamesimama juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 nyingine ilifika Buhene, kwenye mlango wa mji. Lakini lava haiko kitu kimoja toka juu hadi chini. Inapopoa, sehemu ya juu inakuwa gumba gumu, na chini yake panaweza kubaki mashimo. Kipande cha juu kinachoonekana imara kinaweza kuwa ganda la unene wa mkono tu. Mafundi wazoefu hupiga chini kwa baramini ya chuma na kusikiliza. Pakilia kama ngoma, wanavunja hadi wapate palipo na sauti nzito, kiisha wanajaza beto.

Uongo wa pili wa Goma ni yale mawe yenyewe. Watu wanapanga mawe makavu ya lava, moja juu ya lingine, bila simenti, na kontena inawekwa juu. Mawe hayo yana meno meno na matundu. Yanagusana kwa ncha tu. Uzito ukija, ncha zinavunjika kidogo kidogo, mwezi huu milimita tano, mwezi ujao milimita tano. Hakuna aliyechimba, hakuna mvua kubwa, na bado kona imeshuka.

Bukavu ni habari nyingine. Kule kiwanja cha usawa hakipo, kinatengenezwa. Watu wanachimba upande wa mlima, udongo uliotoka wanaumwaga upande wa bondeni, wanasawazisha kwa jembe, na macho yanaona uwanja mzuri. Kwa kweli nusu ya kontena inakaa juu ya udongo ambao haujaguswa toka zamani, nusu nyingine juu ya udongo wa juzi. Katika kiangazi, Juni hadi Agosti, vyote viwili ni vigumu kama tofali. Septemba mvua zinarudi, ule udongo mwekundu unakunywa maji, na upande wa bondeni unashuka peke yake. Hapo hata beto nzuri haisaidii kama imewekwa juu ya udongo wa kumwaga: itashuka nayo. Dawa ni kuchimba mashimo ya kona za bondeni hadi kufikia udongo wa asili, hata kama ni mita moja, na kupandisha nguzo kutoka pale. Na juu, upande wa mlima, mtaro wa kupeleka maji mbali. Watu wanasahau mtaro kwa sababu hauonekani kama kazi ya kontena.

Kwa Uvira, kati ya milima na Ziwa Tanganyika, adui ni maji yenyewe. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalionyesha mchanga wa kule unavyokwenda. Mchanga ukikaa umebanwa unabeba vizuri. Maji yakipita pembeni yake unatoroka, na kona inabaki hewani. Pale nyayo za beto zinapaswa kuwa pana zaidi na kushuka chini zaidi, na kontena iinuliwe juu ya alama ya maji ya mwaka mbaya.

Kazi ya mbele ya kamio kufika

Nyayo nne za beto, kila moja sentimita 60 kwa 60 na unene wa 30, zinakula karibu mifuko mitatu ya simenti. Hiyo ndiyo gharama ambayo wengi wanaikimbia. Unyayo wa namna hiyo unatandaza ule uzito wa ukurasa wa daftari juu ya eneo kubwa zaidi ya mara kumi na mbili. Ukiupandisha kidogo juu ya ardhi, kiganja kimoja ao viwili, hewa inapita chini, sakafu ya mbao haiozi na chuma hakilali kwenye matope.

Pa kuziweka, kamba na mita vinatosha. Kwa futi 20, pima mstatili wa mita 6,06 kwa 2,44, kiisha pima toka kona hadi kona ya mshazari. Vipimo vyote viwili vinapaswa kuwa mita 6,53. Kama kimoja ni 6,60 na kingine 6,45, mstatili wako umelala upande. Kwa futi 40 mshazari ni mita 12,43. Fikiria pia milango: kila mmoja unahitaji zaidi ya mita moja kwa mbele na kwa pembeni ili ufunguke hadi mwisho. Wako waliosawazisha vizuri kabisa na kukuta mlango unagonga ukuta wa jirani.

Usawa wenyewe haupimwi kwa nivo fupi ya masoni. Nivo ya sentimita 60 juu ya urefu wa mita sita inadanganya kwa urahisi. Chombo bora ni cha bei ndogo: tiyo ya plastiki inayoonyesha maji ndani, mita kumi ao kumi na tano. Ijaze maji, ondoa mapovu yote kwa kuipiga piga na kidole, hakikisha haijakunjwa popote. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye kona ya kwanza, mwingine ncha ya pili kwenye kona nyingine, ncha zote wazi. Maji yanatulia kwa urefu mmoja pande zote mbili, hata kama kuna jiwe, gari ao ukuta katikati. Weka alama kwa kalamu juu ya vijiti vilivyochomekwa kando ya kila unyayo, kiisha shuka kwa mita toka alama hadi juu ya beto. Kona zote nne zikitofautiana chini ya milimita tano, kazi ni nzuri. Anza daima toka kona ile ile ya kwanza. Ukipima ya pili kwa ya tatu na ya tatu kwa ya nne, makosa yanajumlishana.

Beto imwagiwe maji siku saba na iachwe ipate nguvu. Kontena tupu inaweza kuja kiisha wiki hiyo. Mali nzito ingoje: nguvu ya beto inapimwa kwa siku 28.

Siku ya kuteremsha, kamio yenye grua ni afadhali, maana inashusha kona nne pamoja. Lakini pengi kontena inafungwa kwa kebo kwenye mti na shofere anaendesha kamio mbele hadi sanduku liteleze. Mwisho mmoja unaanguka kwanza, na zile kona mbili zinapiga beto kama nyundo. Anayelazimika kufanya hivyo aweke madriye ao matairi ya zamani ya kupokea, na watu wote wakae mbali na kebo. Kebo ikikatika inarudi kwa nguvu ya kukata mguu.

Walioamua kukata ukuta mrefu ili kutengeneza dirisha la duka wana jambo moja zaidi. Lile bati lililokunjwa si pazia, ndilo linalozuia kontena kulegea katikati. Ukilikata mita tatu, chuma cha chini kinabaki peke yake. Kwanza fundi aunge fremu ya chuma kuzunguka tundu, na unyayo wa tano na wa sita uwekwe chini ya pande mbili za tundu hilo, ukigusa bila kusukuma. Na kontena isawazishwe mbele ya kukata. Iliyokatwa ikiwa imenyongeka itabaki na kilema.

Ikiwa imekwisha kukaa vibaya

Kuinua kona kwa kriki kunawezekana, na vijana wengi wanafanya. Ndiyo sehemu ya kazi inayoweza kuua. Kwanza mali itoke, ao angalau ile iliyo juu ya kona inayoinuliwa. Kriki ya tani kumi ikae juu ya bamba la chuma ao madriye pana, kamwe si juu ya jiwe la lava lililo wazi, maana linapasuka bila kutoa habari. Kichwa cha kriki kikamate kipande cha kona chenyewe ao chuma kirefu cha pembeni karibu na kona. Kikisukuma vyuma vya sakafu kitavipinda.

Kona moja kwa wakati, sentimita mbili, si zaidi. Kila sentimita mbili, ingiza mbao nzito zilizopangwa kwa msalaba chini ya chuma, ili kriki ikiteleza sanduku lianguke sentimita mbili tu. Hakuna mkono unaoingia chini, hakuna mtoto anayetazama kwa karibu, hakuna mtu anayebaki ndani kwa sababu anahesabu bidhaa. Asubuhi ni afadhali kuliko kiisha mvua, ardhi inapoteleza.

Pengo lililobaki lijazwe kwa mabamba ya chuma ya ukubwa wa kona, milimita tano tano hadi itoshe. Kipande cha mbao kitaoza ao kuliwa na mchwa, tofali litavunjika. Vijiwe vinavyopigwa kwa nyundo kama kabari vinashika siku hiyo, halafu vinatoka kimoja kimoja kila mara mlango unapogongwa. Kiisha kriki kuondolewa, jaribu mlango mbele ya kurudisha mali. Ukifunguka kwa mkono mmoja, kona ziko sawa. Rudisha mali kwa kuitandaza sakafuni kote, maana tani sita zilizorundikwa kwenye mwisho mmoja zitazamisha mwisho huo tena.

Halafu rangi. Mstari mdogo mwekundu kwenye kila kona, na mwingine kwenye ukuta ao nguzo iliyo karibu, kwa urefu mmoja na ule wa kwanza. Mwanzoni mwa mvua za Septemba, na tena mnamo Novemba, tiyo ya maji ipitishwe kwenye mistari hiyo. Kazi ya watu wawili, chini ya robo saa.